Mswaki Mpya wa Fisi

Paliondokea Fisi mmoja mpenda sifa, akanunua mswaki wa dukani, akauchomeka nyuma ya sikio. Kila asubuhi alipita kisimani kumcheka Pimbi, aliyekuwa akitafuna kijiti chake cha mwarobaini.

"Dada Pimbi, vijiti vyako haviishi kuchakaa! Wangu huu tangu mwaka jana, hata unywele mmoja haujapinda."

Pimbi hakuona sababu ya kubishana asubuhi njema kama ile. "Hongera, kaka," akasema, akaendelea kutafuna.

Siku ya siku Fisi akaenda kuposa. Alipofungua kinywa kutoa salamu tu, wazee wa binti wakaziba pua, wakafunga mlango.

Akarudi kwa Pimbi analia. "Wamenikataa, na mswaki ninao!"

"Unao, kaka, tena mzuri," Pimbi akasema, akimkatia kijiti. "Meno yako ndiyo hayana habari nao."