Maganda Mbele ya Nyumba ya Ngiri

Katika mtaa wa wanyama, pipa la taka lilipaswa kukaa nyuma ya nyumba, limefunikwa na kuwekewa jiwe. Aliyeacha taka zikazagaa alihamishwa.

Asubuhi moja Kanga, aliyejivunia usafi, alimkuta Ngiri akifagia taka njiani. Akapiga kelele mpaka majirani wakatoka.

"Mwenyekiti, si nilisema? Mchafu huyu ahame leo!"

Ngiri aliinama, akaendelea kufagia.

Bata, mwenyekiti wa mtaa, akazipekua taka. Yalikuwa maganda ya mayai ya kanga.

"Ngiri, baba, siku hizi unataga?"

Majirani wakacheka. Kanga hakucheka. Jana vifaranga wake walipoanguliwa, aliyatupa maganda akasahau kuweka jiwe.

"Mbona hukusema?" Kanga akamnong'oneza Ngiri.

"Una watoto wachanga, mama. Ungehamia wapi nao?"

Kanga akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Taka ni zangu," akasema kwa sauti. "Wa kuhama ni mimi."

Bata akaenda kulitazama pipa la Kanga. Lilikuwa limefunikwa, na juu yake lilikaa jiwe kubwa ambalo Kanga asingeweza kulibeba.

"Pipa liko sawa," akasema. "Rudini makwenu."

Kanga akauchukua ufagio wa Ngiri, akafagia bila kuinua macho.