Kanga Juu ya Kipimo

Kila nyumba ilikuwa na kipimo chake cha bahati, kimetundikwa ukumbini kando ya kile cha umeme. Bahati ilikuwa ya kaya nzima: akiitumia mmoja, imepungua kwa wote. Juhudi haikula hata uniti moja.

Bi Sikudhani alikifunika chao kwa kanga mumewe, Kibwana, alipoanza kushinda mechi, maana mimba ilikuwa changa na aliogopa kuona. Kibwana alikuwa mrushaji wa timu ya besiboli ya Tanga, kazi yake kuwarushia wapinzani mipira wasiweze kuipiga kwa gongo. Kwa miaka sita mipira yake ilipigwa kama ngoma ya harusi. Msimu huu hakuna mpigaji aliyeigusa.

"Ni mazoezi, mke wangu," alisema kila Jumamosi, akilichua bega lake kwa mafuta ya nazi. "Nimebadilisha namna ya kuushika mpira, basi. Funua uone kama kimeshuka."

"Funua wewe."

Kibwana hakufunua.

Asubuhi ya fainali, uchungu ulimshika Sikudhani mwezi mzima kabla ya wakati. Kibwana aliacha mechi akamkimbiza hospitali. Mkunga alimlaza, akampapasa tumbo kwa muda mrefu.

"Mtoto ametanguliza miguu," alisema hatimaye, kisha akawageukia wote wawili. "Nyumbani mmebakiwa na uniti ngapi?"

Sikudhani alimtazama mumewe. Kibwana aliutazama mkono wake wa kulia, ule wa kurushia mpira, kana kwamba ni wa mtu mwingine.