Chini ya Kitanda cha Mkongwe

Mkongwe alikuwa na namna yake ya kugonga: mara mbili, kimya, kisha mara moja. Aliyekuwa mlangoni sasa aligonga mara nne mfululizo, tena kwa kiganja.

Kijana wa mwaka wa kwanza aliacha kalamu juu ya daftari, akazikokota ndala zake kwa kidole cha mguu, akajipenyeza chini ya kitanda. Safari hiyo alikwishaizoea. Kwa miezi saba alikuwa amejifunza hata mahali pa kuweka pua ili vumbi lisimpalie.

Aliishi chuoni kama mtu anayepita njia. Asubuhi alitoka kabla mlezi wa bweni hajaingia kazini. Alirudi wakati ngazi zimejaa watu, akiinamisha kichwa. Darasani alikaa karibu na mlango. Wenzake walipoalikana vyumbani kusoma pamoja, alisema yeye huelewa zaidi akiwa peke yake, nao wakamwona anaringa. Wakaacha kumwalika.

Yote hayo yalianza siku ya kuripoti. Alifika na begi lililokatika mkanda, akakuta umati umeufunika ubao wa matangazo. Kaka mmoja aliyevaa shati lililonyooshwa vizuri alimshika bega.

"Mwaka wa kwanza? Nipe barua yako, mdogo wangu. Wewe hapa watakukanyaga."

Kaka huyo, ambaye watu walimwita Mkongwe, alipotelea ofisini. Aliporudi, barua ilikuwa mkono mmoja na ufunguo mkono mwingine, na uso umemshuka.

"Jina lako halipo. Vyumba vimekwisha. Lakini siwezi kukuacha ulale nje na mimi nina chumba. Ila tuelewane: ukikutwa, unafukuzwa chuo, na mimi nakufuata. Ofisini usikanyage. Usimwambie mtu unalala wapi."

Kijana alimshukuru hadi machozi yakamlengalenga.

Na kweli Mkongwe alikuwa mtu mwema. Alimtandikia godoro sakafuni, akamgawia blanketi. Alimfundisha kutafuta vitabu maktaba, akamweleza mhadhiri yupi huuliza nini kwenye mtihani. Kila asubuhi alivaa tai, akatoka na bahasha ya kaki kwapani. Jioni alirudi viatu vimejaa vumbi, akalala akiutazama ukuta.

"Kaka, vipindi vya mwaka wa mwisho vinachosha hivyo?"

"We acha tu."

Siku moja kijana alisema anafikiria kwenda kuomba chumba kwa ajili ya muhula wa pili. Mkongwe aliinuka kitandani kama aliyemwagiwa maji.

"Unataka kutuchongea? Nimekukosea nini, mdogo wangu?"

Kijana hakurudia tena kulisema.

Kwao nako alificha. Dada yake alipopiga simu, alijibu kwa kunong'ona.

"Mbona sauti hivyo? Unaumwa?"

"Niko maktaba."

"Kila nikipiga uko maktaba! Mwisho utatuletea kabati la vitabu tulipokee kama wifi." Dada alicheka, kisha akashusha sauti. "Mama ameitia nakala ya barua yako ya chuo kwenye fremu. Kila mgeni akija lazima aisome kwanza ndiyo apewe kiti."

Baada ya simu ile alikwenda kuhakikisha mlango umefungwa. Nyumba nzima ilikuwa imemtuma yeye. Kosa moja tu, kikohozi kimoja tu, na barua ile ingeshushwa ukutani.

Sasa ufunguo mwingine ulizunguka kwenye kitasa. Mlango ukafunguka. Kutoka chini ya kitanda aliona viatu vyeusi vya kike, na nyuma yake mabuti ya mlinzi.

"Taarifa ni za kweli," ilisema sauti ya mlezi wa bweni. "Godoro hili hapa. Humu kuna mtu analala bila kuandikishwa."

"Na hizi nguo, mama?"

"Hizo za kabatini, na tai zake. Toa zote nje. Akirudi atazikuta getini."

Kijana alisikia hanga za nguo zikigongana. Alielewa: walikuwa wanamtoa Mkongwe. Mtu aliyemwonea huruma siku ambayo hakuwa na mtu, leo anatupiwa nguo nje kwa sababu yake. Angeweza kunyamaza. Wangeondoka, naye angeruka dirishani na begi lake.

Akatoka kwa viwiko.

"Lo!" mlinzi akaruka nyuma. "Mama, humu mna paka mkubwa!"

"Shikamoo, mama," kijana alisema, amesimama na utando wa buibui kichwani. "Anayelala bila kuandikishwa ni mimi. Mwenye chumba hana kosa, nilimsumbua mimi anisitiri. Nifukuzeni mimi. Nguo zake zirudisheni kabatini, nawaomba."

Mlezi hakupandisha sauti, akanyoosha tu mkono. "Kitambulisho."

Kijana alikitoa. Tayari alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia mama yake.

Mlezi alifungua daftari la bweni, akashusha kidole kwenye orodha, namba kwa namba. Kidole kikasimama. Akakitazama kitambulisho, akalitazama daftari, kisha akamtoa kijana utando kichwani kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwanangu," alisema taratibu, "tunayemtafuta alihitimu hapa miaka minne iliyopita. Chumba hiki ni chako tangu siku uliyoripoti."