Kiboko na Mfereji Mkavu

Paliondokea Kiboko, msimamizi wa wanyama waliochimba mfereji wa shamba lao. Kila asubuhi, maji ya mto yalipofunguliwa, alijitosa katikati ya mfereji ili awaone wote, akifoka: "Maji hayafiki! Wavivu nyie!" Wakachimba mpaka kucha zikang'oka, na mahindi yakazidi kunyauka.

Ndipo Fuko akachomoza kichwa udongoni. "Shikamoo, mzee. Hebu geuka utazame nyuma yako."

Kiboko alitaka kumkanyaga, lakini akageuka. Maji yalikuwa yamejaa tele, yamezuiwa na tumbo lake! Akapanda ukingoni. Maji yakaporomoka hadi shambani, vigelegele vikarindima.

"Kumbe kizibo ni mimi!" Kiboko akaangua kicheko.

Tangu siku hiyo, kazi ikikwama, hutazama kwanza mahali aliposimama yeye.