Kisigino Kitulie

Hodi ilipigwa kibandani, Ndeshimona akiwa ameshavaa buti zake. Sheria ilimruhusu kila raia kuteleza kwenye theluji ya Kibo mara moja tu maishani, na asiyefika akiitwa alipoteza zamu yake. Leo ilikuwa zamu ya Ndeshimona. Kesho theluji ingefungwa kabisa.

Mlangoni alisimama mzee mgeni, amekumbatia ubao wa kutelezea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa mbao hizi aliyebaki. Zamu yangu inafuata yako, na buti linacheza. Mguu huu wa bandia hauniambii kitu."

"Ingia. Hushuki mpaka kisigino kitulie, nakuahidi."

Akamsimamisha ubaoni, akasogeza kiegemeo cha nyuma ya buti, akakaza mkanda wa kifundo, akapitisha kidole chini ya buti. Kisigino bado kiliinuka. Ubao usingemtii, angeanguka vibaya.

Kipaza sauti kikaita, "Ndeshimona Mmari!"

"Kimbia, mjukuu wangu! Niache mimi."

"Tulia babu, unanitikisia mguu."

Jina lake likarudiwa, kisha likaitwa la mzee. Ndeshimona akakaza skrubu ya mwisho, akajaribu tena kwa kidole. Kisigino kilikuwa kimetulia.

Akavua buti zake, akavaa ndala, akambebea mzee ubao hadi kwenye theluji.