Chembe za Kombo

Bi Mgeni aliinama juu ya hadubini, akafumba jicho moja. Mumewe, Kombo, alizikwa mwaka jana, lakini chembe za uvimbe wake wa saratani zilikuwa bado hai katika kisahani cha maabara, zinazidi kuongezeka.

"Zinakula nini, mwanangu?" alimuuliza mtafiti Nuhu.

"Sukari, mama. Tena hazishibi."

"Basi ni zake kweli! Miaka yote namkataza sukari, kumbe anailia huku."

Wakacheka. Kisha Nuhu akashika kichupa cha dawa. Ndani ya chembe hizo, alieleza, kuna swichi iliyokwama, inaziamuru kuzaana bila kukoma. Dawa hii huenda ikaizima. Salha, binti wa Bi Mgeni na Kombo aliyelazwa wodini, alikuwa na uvimbe wenye swichi iyo hiyo.

"Hizi zikifa, tutampa Salha."

"Zisipokufa?"

Nuhu akafungua kichupa, akavuta dawa kidogo kwa bomba dogo.

"Lete niitie mwenyewe," akasema Bi Mgeni. "Mume ni wangu."

Akadondosha tone moja.

"Majibu ni kesho kutwa, mama."

Lakini yeye alikwisha kuvuta stuli na kurudisha jicho kwenye hadubini.

"Haya, Kombo," akanong'ona. "Tosheka sasa. Mwachie mtoto."