Mlango wa Nyumba Yenye Mtoto Mchanga

Bi Zamda alifika na mafuta yake ya nazi kumkanda mjukuu aliyezaliwa juzi, lakini mlango, uliokuwa ukipima afya ya kila mgeni, ukamgomea.

"Mdomo wako unaanza malengelenge, bibi," ulisema, ukamtolea vidonge. "Sifunguki mpaka yakauke."

"Malengelenge gani? Sisikii hata mwasho!"

"Meza tu, mama," binti yake Raya alimsihi kutoka ndani. "Virusi vya malengelenge hayo vinaweza kumuua mtoto."

Akameza huku akinung'unika. Siku sita alishinda barazani akimwimbia mjukuu kupitia upenyo wa mlango. Siku ya saba malengelenge yalikuwa yamekauka, mlango ukafunguka. Mtoto akaigeukia sauti yake, akatulia kifuani. Bi Zamda akalia kwa furaha, hata akasahau kuumaliza wimbo.

Nyuma yake mlango ukajifunga taratibu, ukiumalizia wimbo wake.